Bagamoyo mpaka Tanga na watoto 18: siku 5 za Pasaka, matope, mpira na kaunta buku

Nimerudi wiki ya pili sasa, nimekaa na picha za kwenye simu na vile vikaratasi nilivyokuwa naandikia gharama, ndo naandika kabla sijasahau. Kwa wasionijua, nafundisha shule ya msingi hapa Bagamoyo na jioni nina watoto wa mpira, wa kiume 10 na wa kike 8, wote chini ya miaka 15. Kuna kocha wa Tanga tulisoma nae kozi ya makocha miaka ya nyuma, alinipigia Februari akaniambia lete watoto Pasaka tucheze, kulala na uwanja niachie mimi. Nikaita wazazi, tukakubaliana elfu 30 kwa mtoto, wengine walitoa yote wengine nusu, vijana wa bodaboda wa kijiweni wakachanga, duka moja la vifaa likatupa mipira miwili, pengo lililobaki nikaliziba mimi na mwalimu mwenzangu wa kike ambae watoto wanamwita madam. Bila yeye nisingeweza kuwachukua wasichana na wala mzazi asingenipa.

Siku ya 1, Alhamisi 2 Aprili: Bagamoyo, Msata, Segera, Tanga

Saa 12 asubuhi tuko stendi, masika inanyesha ile ya kusita kusita. Coaster ya Msata elfu 3 kwa kichwa, yaani elfu 60 wote, mfuko wa mipira ukaenda bure. Lami ya Bagamoyo–Msata ni nzuri, saa moja na kitu mmefika.

Shida ikaanzia hapo Msata. Nilikuwa nimeshika siti 20 kwa simu kwenye basi linalotoka Dar, wakala kanihakikishia mwalimu usiwe na wasiwasi nimeshawaandika. Saa 3 na nusu basi likaja, likapunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa dirishani akasema limejaa mpaka mlangoni, nikamwambia sisi tumeandikwa, akachungulia karatasi yake akasema hamna jina la Msata hapa, gari likaondoka. Nampigia wakala simu inaita mpaka inakata. Watoto 18 wananiangalia usoni na mvua ndo inaanza kukaza.

Pembeni kulikuwa na mama anauza chai chini ya turubai. Sikumwomba kitu. Akasema mwalimu ingiza watoto wasilowe, akasogeza majiko na ndoo zake, wakabanana wote mule wengine wamekalia viroba vya mkaa. Chai ya rangi 300 chapati 500, tulikula wote 20, hesabu ikaja elfu 16, akachukua elfu 12 akasema nyingine wanunulie maji njiani. Nikabaki nasema ahsante mama, na yeye anaendelea kukanda unga kama vile hajafanya kitu.

Yamepita mabasi matano yamejaa. Karibia saa 6 likasimama la kwenda Lushoto, kondakta mtu mzima, nikamwamkia, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema siti za Tanga leo huzipati mwanangu, ila mimi nina siti 7, nipe hao wasichana na madam wao watakaa wakibanana, nawashusha Segera, pale magari ya Tanga hayakosekani. Sisi wanaume tukapata gari jingine baada ya saa nzima, tumesimama mpaka Mkata. Nauli zote Msata mpaka Tanga kwa vipande viwili zikafika 206,000, watoto elfu 10 na sisi wakubwa elfu 13. Watoto walichokishangilia zaidi njia nzima ni daraja jipya la Wami, wale waliowahi kupita lile la zamani jembamba walikuwa wanawaelezea wenzao magari yalivyokuwa yanangojana.

Kange, stendi ya Tanga, tumeingia saa 1 usiku. Kocha mwenyeji alikuwa pale na Hiace tangu saa 9 alasiri, dereva kasubiri masaa manne na bado akataka hela ya mafuta tu, elfu 25. Wavulana na mimi tukalala kwenye madarasa juu ya mikeka, wasichana na madam wakapelekwa kwa mama mmoja wa mtaani mwenye nyumba ya vyumba vingi. Wali wa nazi na samaki ulikuwa umeshapikwa.

Kwa atakaesafiri na timu: siti za sikukuu zisiishie kwenye simu. Lipia uwe na tiketi yenye namba ya siti, na kama unapandia katikati ya njia tuma mtu stendi ya Mbezi, Dar, akate kule kule gari linakoanzia. Beba chandarua, kila mtoto na chake. Na barua ya ruhusa ya mzazi yenye namba ya simu na sahihi, tuliulizwa mara mbili hawa watoto ni wa nani na mnawapeleka wapi, na mimi nilifurahi kuulizwa.

Siku ya 2, Ijumaa Kuu: Mnyanjani, alafu daftari

Asubuhi chai ya maziwa na mihogo ya nazi, elfu 1 kwa sahani na ilishiba. Mvua ikakatika kama saa 3 tukaenda Mnyanjani, kule TFF, shirikisho letu la soka, walikojenga kituo cha ufundi kwa fedha za FIFA, kingine kama hicho kipo Kigamboni. Ilikuwa sikukuu hakuna shughuli, mlinzi kasema kuingia bila barua haiwezekani ila hapa getini hata mkikaa saa nzima siwafukuzi. Watoto wakapanga mstari wanachungulia. Nina mtoto mmoja, beki, hana maneno mengi, akauliza kocha hapa wanaingia watoto wa aina gani.

Nikamjibu wanaoitwa. Akauliza wanaitwaje.

Sikuwa na jibu zuri muda ule na nilitembea nalo siku nzima. Kwa sababu majengo tunayo sasa kuliko tulivyokua sisi, hilo mtu asibishe. Nyasi bandia za viwanja vya majijini zilisamehewa VAT kwenye bajeti ya 2021/22. AFCON ya 2027 tunaandaa na Kenya na Uganda. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India 2022, wasichana wangu wanalijua hilo kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha. Ila kutoka kwa huyu beki wangu mpaka kwenye lile geti pana njia gani, na nani kaichora?

Jioni ndo nikaona kitu kilichonifanya niandike haya yote. Baada ya swala ya Ijumaa watu walikula wakapumzika, saa 10 tukaenda uwanja wa mtaa Makorora. Uwanja wenyewe wa udongo, goli moja la chuma na jingine la miti, upande wa kona pana dimbwi. Kocha mwenyeji akaja na baiskeli, kwenye keria kafunga mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kaunta buku. Lile daftari nene la kwaya 3, jalada gumu, uti wake umegundishwa kwa gundi ya viatu. Kabla ya kugusa mpira watoto wake wakapanga foleni, kila mmoja anataja jina anawekewa tiki.

Nikamwomba niiangalie. Kila mtoto ana ukurasa wake. Majina yake matatu, tarehe ya kuzaliwa na kaiona wapi hiyo tarehe, kama ni cheti au kadi ya kliniki au kaambiwa na bibi. Shule, darasa, jina la mzazi, simu. Siku aliyoanza mazoezi. Mguu anaotumia. Urefu kila Januari na Julai, anawapima ukutani kwa chaki. Aliumia lini na wapi. Mechi alizocheza. Chini kabisa ya ukurasa, kwa wale walioacha, kuna mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Nimeupiga picha ukurasa mmoja nikaziba jina, maneno ni haya: "Kaacha Machi, kidato cha 2, boda ya mjomba." Nikaendelea kufunua. Kaenda Dar kwa shangazi. Kaenda bweni, shule haina timu. Goti, hakutibiwa. Mama kakataa, hana wa kumsaidia kazi. Kaolewa. Nikafunua tena, nyekundu, nyekundu, na karibu wote umri unagota pale pale, 15, 16, 17.

Akaniambia kwa upole tu, mgosi, tunaambiwa Tanzania haina vipaji vya kutosha, mimi hapa nina orodha ya walikopotelea.

Tulikaa pale mpaka giza likaingia tukasogea kwenye taa ya duka. Akanieleza jambo ambalo makocha wengi wa mtaani hatulijui au tumelisikia juu juu, na ninaliandika kwa urefu kwa sababu ni hela halali. Kwa kanuni za FIFA mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, 5% ya hela ya uhamisho inakatwa na kugawiwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka kuanzia 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja, na kuanzia 16 hadi 23 kila mwaka nusu asilimia. Kwahiyo chukua mtoto aliyecheza pale Makorora miaka hiyo minne ya mwanzo, aje auzwe siku moja kwa dola laki 1, ambayo kwa soko la mpira ni hela ndogo, ile timu ya mtaa ina asilimia 1 yake, dola elfu 1, kama milioni 2 na nusu hivi za kwetu. Kwa mpira wa elfu 40 hiyo ni mipira zaidi ya 60! Na akiuzwa tena inakuja tena. Achilia mbali fidia ya mafunzo ambayo inalipwa anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi yake. Mshambuliaji wetu Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 hesabu za aina hii ndo zilikuwa zinafanyika juu ya jina la mtoto wa Mbagala.

Lakini hela haimfuati mtu aliyesema mimi ndo nilimlea, inafuata usajili. Timu iwe imesajiliwa, iwe mwanachama wa chama cha soka cha wilaya ambacho kiko chini ya mkoa ambao uko chini ya TFF, na mtoto awe ameandikishwa kwenye timu hiyo kwa miaka hiyo. Sisi wa mtaani tunalea miaka minne mtoto hajaandikwa popote, anakuja kuandikwa kwa mara ya kwanza na klabu iliyomchukua akiwa na 17, basi kwenye makaratasi kazaliwa siku hiyo.

Nikakumbuka Msata asubuhi ya jana, hamna jina hapa, gari linaondoka.

Kwa anaetaka kuanza: anzia kwa afisa michezo wa halmashauri yako. Usajili wa klabu unapitia kwa msajili aliye Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Watataka katiba ya klabu, muhtasari wa kikao cha kuianzisha, majina ya wanachama na viongozi wenye picha. Ukimaliza hapo nenda chama cha soka cha wilaya, juu yake kuna chama cha mkoa, sisi wa Pwani tuko chini ya COREFA, wa Tanga wana TRFA. Usiende mikono mitupu useme nina timu, nenda na karatasi.

Siku ya 3, Jumamosi: mechi

Mvua ya usiku iliacha uwanja matope. Tulianza saa 4 badala ya saa 2 kwa sababu wazazi wa pale walileta majembe na ndoo za mchanga wakawa wanafukia dimbwi, sikuwaona wakiitwa na mtu. Saba kwa saba, nusu uwanja, dakika 15 kila kipindi. Wavulana wetu wamefungwa mbili wakashinda moja, wasichana wameshinda zote mbili.

Refa alikuwa binti wa kidato cha 4, anapewa elfu 5 kwa asubuhi nzima. Filimbi anaijua, kitu kilichonishika zaidi ni kwamba kila akipuliza anamwelezea mtoto kosa lake, wewe umesukuma na bega ila mkono ulitangulia, na mtoto anaitikia kwa kichwa. Akaniambia anataka kusomea urefa ngazi ya chini ila kozi ikitangazwa anakuwa shule na ada yenyewe hana. Tunalalamika kila wiki kuhusu marefa wa ligi kuu, hakuna anaeuliza refa anaanzia wapi, anaanzia hapa akiwa na miaka 17 kwa elfu 5.

Kipindi cha pili cha mechi ya tatu beki wangu yule wa maswali akateleza, kifundo cha mguu kikageuka. Kikavimba papo hapo. Wakubwa wawili wakaja mbio, mmoja anasema mkande na maji ya moto mwingine anasema mvute, nikawaomba jamani hapana. Maji ya moto na kukanda kwa mguu ulioteguka sasa hivi vinaongeza uvimbe. Kilichotakiwa ni barafu na sanduku langu la huduma ya kwanza lilikuwa na bendeji na spiriti tu. Kuna bibi anauza barafu za ubuyu langoni, nikamwamkia nikamweleza, akafungua deli akanipa pakiti kumi, tukazifunga kwenye khanga yake mwenyewe tukaweka mguuni dakika 20, tukafunga bendeji, tukaunyanyua juu ya mfuko wa mipira. Hela alikataa. Watoto walivyomaliza mechi wote wakaenda kununua kwake, pakiti 200, akauza deli zima, yule beki nae kala ubuyu uliotoka kwenye mguu wake. Baadae tulimpeleka zahanati wakaangalia hakuna kuvunjika, tumelipa elfu 14 na dawa.

Kwenye daftari ya mwenyeji kuna safu ya "aliumia", na nikaelewa kwanini kuna ule mstari wa goti halikutibiwa. Timu inayokwenda kucheza ibebe barafu kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, inakaa masaa mengi tu.

Jioni tukatembea Ngamiani, watoto wanahesabu barabara kuanzia ya 1, wamefika ya 13 miguu ikachoka. Mishkaki mitatu na chipsi 2,500.

Siku ya 4, Jumapili ya Pasaka: Raskazone, masumbwi, Mkwakwani

Wakristo wetu sita wakaenda misa na madam, waliobaki nikawapeleka Raskazone kuona bahari. Kwetu ipo ila ya Tanga imetulia, imezibwa na visiwa. Wachache mno wanajua kuogelea, watoto wa Bagamoyo, wamezaliwa mita mia tatu kutoka majini. Nimeandika hilo kwenye karatasi yangu kwa herufi kubwa, tunawaza mpira tu wakati bahari iko mlangoni na haina kodi.

Mchana mwenyeji akatupeleka kwenye gym ya masumbwi, banda la bati, mfuko mmoja wa ngumi umeshonwa kwa turubai la lori na ndani una mchanga na matambara, tairi mbili za lori za kurukia. Hassan Mwakinyo ni wa Tanga hii hii, Septemba 2018 alikwenda Birmingham akampiga Sam Eggington raundi ya pili mbele ya watu wake, na vijana pale banda zima wanaelezea zile ngumi kama walikuwepo ukumbini. Mzee anaewafundisha nilimwamkia akaitika marahaba akaanza mwenyewe kuhesabu zamani. Coastal Union bingwa wa soka wa nchi 1988, African Sports nao wapo, mji mmoja na watu wamegawanyika mpaka ndani ya nyumba. Akasema siri ya wakati ule ilikuwa ajira. Mashirika na viwanda vilikuwa na timu, Pamba ilikuwa na pamba nyuma yake, Reli ya Morogoro ilikuwa na reli nyuma yake, kijana anaamka anakwenda kazini saa 9 anatoka anakwenda mazoezini, mguu ukivunjika mshahara unaingia. Mashirika yalipouzwa na kufungwa miaka ya 90 timu nyingi zikafa nayo, na hakuna aliyeandika nini kitakaa mahali pake.

Nikamwambia mzee, jeshi limebaki. Akacheka akasema ndo maana yake. Na ni kweli ukiangalia, Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia pale Tokyo Septemba 2025, muda wake 2:09:48 sawa sawa na wa Mjerumani Petros mpaka ikabidi picha ndo iamue, ni askari wa JWTZ. Ana mshahara, ana muda wa kukimbia. Kabla ya hapo ukitaja riadha yetu unarudi kwa Filbert Bayi na ile 3:32.2 ya mita 1500 kule Christchurch 1974, na zile medali mbili za fedha za Moscow 1980, yake na ya Suleiman Nyambui, ambazo mpaka leo ndo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Miaka 45 kati ya Moscow na Tokyo. Mimi siamini kwamba katikati hapo hawakuzaliwa watu wenye mapafu. Walizaliwa, wakafika 16, wakaandikiwa mstari mwekundu na hata wa kuwaandikia hakuwepo.

Hoja yangu ni hiyo na nimeirudia safari nzima kwa kila aliyenisikiliza. Viwanja tujenge, makombe tuandae, ila mtoto asipotee kati ya shule ya msingi na sekondari. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, inamwona darasa la 6, UMISSETA ya sekondari inamwona kidato cha 3, katikati nani anamshika? Kocha wa mtaani hana njia ya kumkabidhi mwalimu wa michezo wa sekondari anakokwenda, hakuna karatasi inayotembea na mtoto. Kadi ya kliniki inatembea na mtoto tangu kuzaliwa, na kila nesi popote nchini anaisoma anaelewa chanjo ipi bado. Kwenye michezo nataka kitu cha namna hiyo hiyo, na hakihitaji kompyuta kwa kuanzia.

Jioni tukapita uwanja wa Mkwakwani. Geti limefungwa, mzee wa pale katuona na jezi, akafungua akasema dakika 10, msikanyage katikati. Walikaa jukwaani kimya kabisa. Beki na mguu wake uliofungwa kakaa mstari wa mbele.

Siku ya 5, Jumatatu ya Pasaka: kurudi

Safari hii tiketi mkononi, basi saa 2 kamili kutoka Kange, nauli ile ile. Muheza tukanunua machungwa kupitia dirishani, elfu 3 fungu, Segera mahindi ya kuchoma, Msata tukashuka saa 8 na nusu. Nilimtafuta mama wa chai, watoto wakampa mfuko wa machungwa na yule mdogo kabisa akampa skafu ya timu. Bagamoyo kabla ya magharibi.

Gharama zote kwenda na kurudi, kula, zahanati na vya njiani zimefika milioni 1 na elfu 96. Kwa watoto 18 ni kama elfu 61 kila mmoja kwa siku 5, na kulala ni bure kwa sababu ya watu wa Makorora, na wao Agosti wanakuja kwetu.

Kaunta buku niliinunua Ngamiani, kwaya 3, elfu 6. Nilianza kuijaza ndani ya basi. Watoto 18, wenye uhakika wa tarehe ya kuzaliwa wakawa 11, wengine wanajua mwaka tu, mmoja alisema mama kasema nilizaliwa wakati wa embe. Wiki iliyofuata nikatangaza kila mzazi aje uwanjani Mwanakalenge jioni na cheti au kadi ya kliniki. Wamekuja wengi. Mama wa beki kaja na kadi imekunjwa ndani ya leso, imeloana zamani ikakauka, wino wa tarehe umesambaa. Tuliisogeza kwenye mwanga wa simu tukasoma mimi na yeye na madam, siku inasomeka, mwaka unasomeka, mwezi ni wa 6 au wa 8. Kasema ilikuwa kusi inavuma sana na baba yake hakuwa anakwenda baharini. Nikaandika 6 kwa penseli, Jumatano anakwenda zahanati alikojifungulia kuangalia kwenye kitabu chao.